Mapaa, vibali na chokaa: shajara ya safari ya Mji Mkongwe, Unguja

Jumapili

Boti ya mchana kutoka Dar es Salaam ilifunga gati Malindi wakati wa alasiri, nami nikatia mfuko begani na kuifuata barabara ya Mizingani kwa miguu. Nimekuja Unguja kwa shughuli moja: kutazama jinsi Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, chombo cha serikali kilichoundwa mwaka 1985, inavyofanya kazi ya kuurudishia uhai mji wa mawe ambao wakati huo ulikuwa ukiporomoka nyumba baada ya nyumba. Kwetu Tanga nako kuna nyumba kongwe zinazongoja wa kuzisemea, na kabla ya kuwaonea wenzetu gere nilitaka kujua ni kipi hasa kilichofanyika huku, na kwa mfuko wa nani.

Anayeingia mjini kutoka bandarini huonyeshwa kwanza yale yaliyofanikiwa. Hatua chache tu na upande wa kushoto inasimama Zahanati Kongwe, yenye roshani za mbao zilizochongwa kama kitambaa cha darizi. Tajiri wa Kihindi Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887, kwa nia kwamba iwe hospitali ya maskini, akafa kabla ya kuiona imekamilika. Kazi ilimalizika mwaka 1894. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo liliachwa likalika na mvua na chumvi, mpaka miaka ya 1990 Shirika la Utamaduni la Aga Khan lilipoingia na kulikarabati lote. Mbele kidogo upo Mtini, mti mkubwa ambao chini yake mafundi wa mashua na manahodha wa watalii hukaa kivulini, na upande wa pili wa barabara upo ukuta mpya wa bahari uliojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Ukuta wa zamani ulikuwa umeliwa na mawimbi. Sasa jioni watu hukaa juu ya huu mpya wakipunga upepo, na vijana huutumia kujirusha majini.

Kisha unafika Beit al-Ajaib, na hapo sifa zinakatika. Jumba hili lilijengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash, likanusurika na mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896 iliyolibomoa jumba la jirani yake, lakini halikunusurika na kupuuzwa. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilianguka na makumbusho yaliyokuwamo yakafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati matengenezo yanaendelea, upande mzima wa mbele pamoja na mnara wa saa ulishuka chini, na watu wawili wakapoteza maisha. Nilisimama kwenye uzio nikijiuliza swali ambalo nadhani kila mtu hujiuliza pale: ikiwa jengo mashuhuri kuliko yote Zanzibar, lenye wafadhili na macho ya dunia juu yake, lilianguka, je, nyumba isiyo na jina kule ndani kwenye vichochoro inashikiliwa na nini?

Jumatatu

Siku nzima ya ramani na sheria. Nitaandika kwa ufupi, ingawa bila mambo haya mengine hayaeleweki.

Mji Mkongwe uliorodheshwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na eneo lililoorodheshwa lina hekta 96 tu. Mtu mwenye miguu mizuri hulizunguka asubuhi moja. Ndani yake kuna majengo kama 1,700, mengi yakiwa ya karne ya 19, wakati karafuu, pembe na biashara ya watumwa vilipoujaza mji huu fedha. Mapema miaka ya 1980 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa makazi walikuja wakafanya uchunguzi, wakakuta hali ni mbaya kuliko ilivyodhaniwa, na kutokana na kazi yao ndipo Mamlaka ikaundwa. Mwaka 1994 ikapata sheria yake na mpango mkuu wa uhifadhi, uliotayarishwa pamoja na watu wa Aga Khan, ambao ulipita nyumba kwa nyumba ukaandika hali ya kila moja, matumizi yake na thamani yake kihistoria.

Nguvu kubwa ya Mamlaka ni kibali. Mwenye nyumba akitaka kuongeza ghorofa, kubadili madirisha ya mbele, kuvunja ukuta, kung'oa mlango wa kuchongwa au kuigeuza nyumba ya kuishi kuwa hoteli, sharti apeleke maombi na michoro, na mkaguzi aje kutazama. Kazi ikianza bila kibali husimamishwa. Hii ni nguvu ya kukataza, na kwa kukataza imeokoa mengi: anayelinganisha picha za zamani na mitaa ya leo ataona kwamba paa za mji bado zinalingana, hakuna jengo la ghorofa kumi lililochomoza kati ya minara ya misikiti. Lakini kukataza hakuzibi tobo. Mamlaka haimiliki nyumba nyingi kati ya hizo 1,700. Nyingine ni za watu binafsi, nyingine za serikali, na nyingine nyingi ni za wakfu, zinazosimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mkaguzi anaweza kuandika ripoti tatu juu ya paa moja linalovuja, na mvua ya nne ikanyesha humo humo ndani.

Jioni nilipita Jaws Corner kunywa kahawa. Nilipotaja nilichokuja kufanya, mzee mmoja aliyekuwa akicheza dhumna alinitazama kwa muda, akasema, "Basi usikae sana na wenye makaratasi, mwanangu. Kesho nenda Kiponda, ukapande ngazi."

Jumanne

Nikaenda Kiponda, nikapanda ngazi.

Nyumba niliyopelekwa haina kibao wala mtalii hasimami mbele yake, isipokuwa labda kupiga picha ya mlango, ambao ni wa aina ya Kiomani, mraba juu, wenye minyororo iliyochongwa kuzunguka fremu. Nje kuna baraza za mawe pande mbili. Nilipiga hodi, nikakaribishwa na bibi mmoja wa makamo aliyevaa kanga za kisutu, na baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana habari za safari, akanionyesha nyumba kwa mpangilio wa mtu aliyekwisha kuionyesha mara nyingi bila ya kupata jibu.

Zamani ilikuwa nyumba ya ukoo mmoja wa wafanyabiashara. Baada ya 1964 wenyewe waliondoka, serikali ikaichukua, na vyumba vikagawiwa familia zilizotoka mashamba na Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Hadithi hii ni ya mamia ya nyumba za mji huu. Watu hawakuingia kwa hila. Walipewa, na walifurahi kupata dari ya mawe juu ya vichwa vyao. Lakini nyumba iliyojengwa kwa ajili ya bwana mmoja, wake zake, watoto na watumishi, yenye paa moja, ngazi moja na kisima kimoja, sasa ina kaya sita. Kila kaya inafagia chumba chake, na vyumba ni safi kupita kiasi. Ngazi haifagiwi na mtu. Paa halitengenezwi na mtu.

Kwenye ghorofa ya juu, chumbani kwa bibi yule, kulikuwa na mabeseni matatu: la bluu karibu na dirisha, la kijani katikati ya chumba, na dogo la bati juu ya kabati la nguo. Mvua ilikuwa haijanyesha siku mbili, lakini mabeseni yaliachwa mahali pake, kwa kuwa kila tobo linajulikana. Juu ya kitanda alitandaza nailoni, akaifunga kwenye boriti kwa kamba za katani, na maji yanapoanguka humo huteremka pembeni hadi kwenye beseni la kijani. Nilishika ncha ya boriti moja pale inapoingia ukutani. Ilikatika kwa kidole kama mkate wa jana.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wote wanaoujua mji huu huanza maneno yao na paa. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mnene, mara nyingi zaidi ya nusu mita, lakini haukujengwa kwa tofali lililoungua. Ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa pande mbili, na katikati yamejazwa vipande vidogo pamoja na udongo mwekundu na chokaa. Ukiwa mkavu unadumu karne mbili. Maji yakipenya kutoka juu, udongo wa katikati huyeyuka na kushuka, uso wa nje unaachana na uso wa ndani, na ukuta unaota tumbo. Wakati huohuo ncha za boriti zinaoza ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeziona, na sakafu inaanza kuegemea hewani. Nyumba hufa kuanzia juu, na kwa kuwa nyumba hizi zimeshikana, inapoanguka moja huvuta na jirani yake.

Nilimwuliza bibi kwa nini kaya sita zisichange mabati. Hakukasirika. Alieleza kwamba wa chini hawavujiwi, nao wanasema paa ni la wa juu. Wa kati wanasema nyumba ni ya serikali, na mali ya serikali hutengenezwa na serikali. Na yeye aliye juu alikwisha kuchangisha mara moja, fedha zikatosha kununua mabati machache ambayo fundi aliyapigilia misumari juu ya boriti bovu, na kusi la kwanza likayachukua. Kodi wanayolipa ni ndogo mno hata mwenye mali, awe nani, hawezi kudai kwamba inatosha kutengeneza ngazi. Nyumba za wakfu zina mkasa huohuo: mtu wa zamani aliweka nyumba wakfu ili kodi yake itengeneze msikiti, na leo kodi hiyo haitengenezi hata nyumba yenyewe.

Niliteremka nikiwa na mawazo kwamba mpango mkuu wa 1994, kwa uzuri wake wote, uliandika vizuri zaidi habari za mawe kuliko habari za watu wanaoshirikiana ngazi.

Jumatano

Asubuhi nilikuwa na fundi mwashi ambaye jina lake limepita kwenye nyumba nyingi za Shangani na Hurumzi. Alikuwa katika kiwanja kidogo nyuma ya jengo linalokarabatiwa, anakoroga shimo la chokaa kwa koleo refu. Chokaa hutoka kwenye matumbawe yaliyochomwa tanuuni, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa shimoni miezi kadhaa mpaka iwe laini kama maziwa ya mgando. "Haraka ya leo," alisema, "inataka saruji. Saruji kesho asubuhi imekauka, bosi anafurahi. Mimi namwambia subiri."

Akanipeleka kwenye ukuta aliouacha makusudi kama ulivyo ili awafundishe vijana wake. Sehemu ya chini mtu aliipiga lipu ya saruji miaka ya nyuma. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, wenye chumvi ya bahari, ulikuwa umenaswa nyuma ya saruji usipate pa kutokea; ulipanda juu zaidi, na pale saruji ilipokomea jiwe lilikuwa limeliwa hata unaweza kuingiza mkono. Fundi alichukua nyundo ndogo akagonga: lipu ya saruji ilitoa sauti ya debe tupu, na kipande kikubwa kikabanduka chote mara moja kikiwa kimeshika ngozi ya jiwe. Kisha akagonga lipu ya chokaa upande wa juu, ikatoa mlio mzito. Chokaa huyaachia maji yatoke. Ni lazima ipakwe upya kila baada ya miaka michache, na hiyo ndiyo kazi yake, kuharibika badala ya ukuta.

Masharti ya Mamlaka yanataka chokaa, na mafundi wa kizazi hiki wengi walijifunza au walinolewa katika miradi mikubwa ya miaka ya 1990. Shida ni bei na muda. Boriti nazo ni tatizo, kwa kuwa ni za mikoko, na mikoko haikatwi ovyo kama zamani zilipokuwa zikiletwa kwa majahazi kutoka Rufiji. Urefu wa boriti ndio uliokata kipimo cha vyumba vyote vya mji huu, ndiyo maana ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kama mita tatu. Anayetaka ukumbi mpana wa hoteli ataleta chuma, na chuma katika hewa hii ya chumvi kina maradhi yake.

Fundi ana vijana wanne. Alipokuwa anawaanza walikuwa kumi. Sita wamekwenda kwenye hoteli za Nungwi na Paje, ambako saruji inakauka kesho asubuhi na malipo ni ya wiki.

Alhamisi

Forodhani. Hapa kazi ya kufufua mji inaonekana hata kwa mtu asiyejua habari za mapaa. Bustani hii ya mwaka 1936 ilikuwa imechakaa: giza, matope, ukuta wa bahari umebomoka, na wachuuzi wa chakula wamebanana na moshi wao. Shirika la Aga Khan kwa makubaliano na serikali liliifunga, likaitengeneza, na mwaka 2009 ikafunguliwa tena ikiwa na njia za kutembea, taa, majani, mahali pa watoto na sehemu iliyopangwa ya wauzaji. Jioni niliona kile ambacho hakiwezi kuigizwa: akina mama wa Ng'ambo na Michenzani wameteremka na watoto, wamekaa juu ya majani na madumu yao ya maji, pembeni ya wageni wanaopiga picha pweza. Bustani ya mji imebaki ya wenye mji. Bei za mishikaki, ni kweli, zimepangwa kwa macho ya mgeni, na nilipoagiza urojo kwa lafudhi ya Tanga muuzaji alicheka akanipunguzia.

Asubuhi nilikuwa Shangani, kwenye uwanja wa Kelele, ambako jengo la zamani la simu za nje liligeuzwa kuwa hoteli mwaka 1997. Lilikuwa tupu na bovu. Sasa kuta zake zinapakwa kila mwaka. Upande wa pili wa hesabu, hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015 kando ya jumba la Mambo Msiige iliwafanya wasimamizi wa Urithi wa Dunia wahoji ukubwa wake, na ufukwe uliokuwa wa watoto wa mtaa kucheza mpira umepungua. Sioni sababu ya kuzilaani hoteli. Ni wenye fedha wachache wanaoweza kununua boriti na kungoja chokaa. Lakini ukipita Shangani saa nne za usiku utaona madirisha ya juu yenye giza, kwa kuwa wageni wako nje wanakula, na wenyeji walikwisha kuuza wakahamia Mbweni na Fuoni. Mamlaka huikubali hoteli kwa sababu hoteli ina paa zima. Ni hoja nzito, na sijui ningeijibu vipi kama ningekuwa nimekaa upande wao wa meza.

Ijumaa

Mji ulikuwa kimya mpaka baada ya sala. Kabla ya hapo niliingia Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko ambalo lilifungwa mwaka 1873. Kanisa nalo lilikuwa linavuja. Lilikarabatiwa kwa msaada wa World Monuments Fund na fedha za Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 kikafunguliwa hapo kituo cha maonyesho kuhusu utumwa, ambacho viingilio vyake husaidia kulitunza eneo. Nimekitaja kwa jambo moja: kanisa lina mwenyewe. Wakati paa lilipotakiwa kushughulikiwa, palikuwa na mtu wa kutia saini.

Jumamosi

Nilirudi Kiponda kuaga, nikakuta mkutano. Bibi wa ghorofa ya juu alikuwa amewaita wenzake ukumbini, na alikuwapo kijana kutoka mtaani anayejua kuandika maombi ya vibali, na yule fundi wa chokaa, ambaye nilimtajia nyumba hii Jumatano, naye akaja kutazama kwa hiari yake. Alikwisha kupanda juu na kushuka. Alisema boriti kumi na nne zimekwisha, nyingine zinaweza kukatwa ncha na kuungwa. Akasema mabati yasiguswe kabla ya boriti, kwa sababu ndivyo walivyopoteza fedha mara ya kwanza.

Mabishano yalikuwa marefu. Mzee wa chumba cha chini, mwuza samaki wa Malindi, alishikilia kwamba havujiwi na hana fungu. Fundi hakubishana naye. Alimwomba waende chumbani kwake, akasogeza kabati, akamwonyesha ukuta ulioota tumbo nyuma yake, kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu. "Maji ya huyu bibi," akasema, "yanateremka huku kwako. Hujayaona kwa sababu yanapita ndani." Mzee aliupapasa ukuta kwa muda, akauliza boriti moja bei gani.

Walikubaliana mambo matatu kabla sijaondoka kwenda bandarini. Maombi ya kibali cha paa yapelekwe Jumatatu yakiwa na majina ya kaya zote sita, si la bibi peke yake. Barua nyingine iandikwe kwa mwenye mali, ikimtaka achukue gharama ya boriti au awape kaya ruhusa kwa maandishi ya kuikata gharama hiyo kwenye kodi. Na kazi ianze kwenye upande wa bibi, kabla ya masika, hata kama fedha zitatosha nusu ya paa tu. Lililobaki bila kukubaliwa ni ngazi. Wa chini hawaipandi, na katika hilo mwuza samaki hakutaka hata kusogezewa kabati.